Nimeangalia dokumentari ya mtu aliyesingiziwa mauaji Marekani, nikajikuta mimi ndiye yule shahidi

Mvuvi wa Kibirizi

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, wenye haraka wapite tu.

Mpwa wangu anasoma chuo Dar. Amekuja likizo hapa Kigoma na flashi imejaa filamu. Juzi umeme ulikatika eneo lote la Mwanga, kompyuta yake ilikuwa na chaji, tukakaa barazani. Akaniambia, "Mjomba, leo sio za mapigano, leo tuangalie hii." Inaitwa The Thin Blue Line, ya mwaka 1988, aliyeitengeneza ni Mmarekani Errol Morris. Haina msimulizi wala DJ wa kutafsiri. Watu wanakaa mbele ya kamera wanaongea, kila mmoja ametulia kama anaeleza alivyopika wali.

Kisa chenyewe: Novemba 1976, mji wa Dallas, Texas. Jamaa anaitwa Randall Adams, mtu wa kazi zake, ameishiwa mafuta njiani. Kijana wa miaka 16, David Harris, akampa lifti. Gari la wizi, Adams hajui. Wakashinda pamoja, jioni wakaenda sinema ile ya kuangalia mkiwa ndani ya gari. Usiku huo huo askari wa doria, Robert Wood, alisimamisha gari lililokuwa linatembea bila kuwasha taa. Dereva akampiga risasi akafa palepale barabarani.

Polisi wakatafuta wiki kadhaa. Na walikuwa wanatafuta aina nyingine kabisa ya gari, maana askari aliyekuwa doria na marehemu aliitaja siyo. Huku nyuma Harris karudi kwao, mji mdogo unaitwa Vidor, anajisifu kwa rafiki zake kwamba ameua polisi. Alipokamatwa akageuza: aliyepiga ni Adams, mimi nilikuwa abiria. Wakamwamini. Adams akahukumiwa kifo mwaka 1977. Mei 1979 zilibaki siku tatu anyongwe (kule wana njia zao, nasema anyongwe tuelewane) ndipo jaji wa mahakama ya juu kabisa akasimamisha. Adhabu ikaja kuwa maisha.

Morris hakwenda Texas kumtafuta Adams. Alikwenda kwa ajili ya daktari mmoja wa akili, watu walimbandika jina la Daktari Kifo, kazi yake kupanda kizimbani na kusema huyu mshtakiwa akiachwa ataua tena. Katika kuzungumza na wafungwa ambao daktari huyo aliwatolea ushahidi ndipo Morris akakutana na Adams.

Sasa kilichonikamata. Kuna mama mmoja alipita pale usiku ule kwenye gari na mumewe. Anasema alimwona dereva. Maelezo yake ya kwanza polisi yalimtaja mtu kama Mmeksiko au mweusi mwenye rangi ya maji ya kunde. Adams ni mzungu. Kwenye gwaride la utambuzi, pale shahidi anapopangiwa watu amwonyeshe mhusika, akamwonyesha mtu mwingine. Askari akamwambia siyo huyo, ni yule. Anayasema haya mwenyewe mbele ya kamera, wala hashtuki. Mahakamani akanyoosha kidole bila kutetemeka.

Mpwa wangu alicheka. Mimi sikucheka.

Wakuu, mwaka 2014 mimi nilinyoosha kidole. Simu ina asilimia 4, naendelea kesho.

Kijiko cha Mawese

Mleta uzi usitufanyie hivyo. Nimeweka kambi.

chuma_ulete

Hii ni chai. Kila mtu siku hizi ana stori imefanana na muvi.

Mwana Lubengera

Nami naweka kambi. Mkuu ukimaliza utuambie inapatikana wapi.

Mvuvi wa Kibirizi

Nimerudi. chuma_ulete, sikulazimishi.

Oktoba 2014, usiku wa giza. Wasiojua: dagaa wanavuliwa mwezi ukiwa haupo, tunawasha taa wanakuja kwenye mwanga. Tulikuwa wanne, mimi ndiye nahodha, chombo cha tajiri wangu. Saa nane hivi ikaja boti haina taa. Tulisikia injini imezimwa mbali, halafu kasia. Kabla hatujajua kitu wako ubavuni kwetu, watano au sita, mapanga na bunduki moja. "Zimeni taa." Tukazima. Mmoja alikuwa na tochi. Wakafungua injini, wakachukua na mafuta, wakatuacha tunaelea. Mwenzangu mmoja alipigwa ubapa wa panga begani. Tulifika Kibirizi saa nne asubuhi kwa makasia.

Siku hiyo hiyo nikaandikisha maelezo kituoni (sikitaji kituo, msiniulize). Baada ya wiki tatu nikapigiwa simu: "Tumempata mtu wako, njoo umtambue." Nikaenda. Kwenye korido pale, kwenye benchi, alikuwa amekaa kijana wa Ujiji amefungwa pingu, mrefu, ana kovu juu ya nyusi ya kushoto. Nikapita mbele yake kwenda ofisini. Baadaye wakapanga watu uani, nikaambiwa nionyeshe. Nikamwonyesha yule.

Mahakamani nilisema tochi ilimpiga usoni nikaona kovu. Nilikuwa na uhakika. Sikuhongwa, sikutishwa, sikuwa na ugomvi naye, sikuwa namjua. Akafungwa miaka 30, unyang'anyi wa kutumia silaha. Mwaka 2018 Mahakama Kuu Tabora ikamwachia kwenye rufaa. Mimi nikawa nawaambia watu pale mwaloni, tunaposhushia samaki, katoka kwa hela. Miaka yote hii nilikuwa nasema hivyo.

Baada ya ile filamu sikulala. Asubuhi nikampigia mmoja wa vijana wangu wa ule usiku, siku hizi yuko Kirando. Nikamuuliza, unakumbuka nilivyosema kuhusu kovu siku ile tunapiga makasia? Akanyamaza, akasema: "Nahodha, siku ile hukusema kovu. Ulisema hukumwona mtu, tochi ilikuwa inatumulika sisi."

Tochi ilikuwa inatumulika sisi. Kweli kabisa. Mwenye tochi ndiye anayeona, sisi tulikuwa tunafumba macho.

Kijiko cha Mawese

Daah.

Kata Kamba

Mkuu usijilaumu, hapo ulitumika. Huo ni mchezo wa kubambikia kesi, jalada linatakiwa lifungwe, wanakamata yeyote. Nchi hii yote ndio ilivyo.

Wa Katonga

Mimi ni mvuvi pia. Kabla hamjaanza kulia na mshtakiwa, kumbukeni na sisi. Miaka ile ziwani palikuwa hapalaliki. Injini moja ni mtaji wa familia tatu. Kaka yangu aliruka majini kuwakimbia, tulimpata siku ya tatu, huku upande wa Bangwe. Hakuna aliyefungwa mpaka leo. Ukiniambia nichague kati ya kumfunga asiyehusika na kuwaacha wote, siku ile ningekujibu kwa hasira. Leo sijui ningejibu nini, lakini msiandike kana kwamba wizi haukuwepo.

Mvuvi wa Kibirizi

Pole sana mkuu. Kaka yako namkumbuka, tulikwenda kumtafuta na boti tatu.

Mzee wa Isevya

Vijana, nimestaafu jeshi la polisi, niko Tabora nafuga nyuki. Nimesoma tangu mwanzo.

Kata Kamba, kubambikia ni kitu kimoja, na kipo, sitakataa kwa sababu nilivaa sare. Lakini alichoeleza nahodha ni kitu kingine, na kwangu mimi ni kibaya zaidi maana hakina mwovu wa kumkamata. Mpelelezi anapata tetesi kutoka kwa mtoa habari. Anamleta mtu. Ana mlalamikaji, ana mkubwa wake anayeuliza kila asubuhi kesi ya ziwani imefikia wapi. Anaamini kweli amempata. Akipiga simu anasema "tumempata", hasemi "kuna mtu tunamhisi". Neno limeshafanya kazi kabla shahidi hajavaa viatu.

Gwaride lina utaratibu wake kwenye miongozo ya polisi. Mshukiwa anachanganywa na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye umri, urefu, umbo, hata mavazi. Anachagua mwenyewe pa kusimama, na akitaka anahama kabla ya shahidi mwingine kuingia. Anayesimamia asiwe mpelelezi wa kesi. Na shahidi asimwone mshukiwa kabla, wala pingu zake. Nahodha, wale wengine uani, kuna mwenye kovu usoni?

Mvuvi wa Kibirizi

Hakuna mzee wangu. Shikamoo. Na wawili walikuwa watu wazima kabisa, wana mvi.

Mzee wa Isevya

Marahaba. Basi hukufanyiwa gwaride. Ulionyeshwa mtu.

chuma_ulete

Sasa mzee si mlikuwa mnafanya hivyohivyo enzi zenu?

Mzee wa Isevya

Ndiyo. Mara mbili ninazozikumbuka. Nyingine sizikumbuki, na hilo ndilo linanisumbua.

Wakili Njaa

Niongeze kisheria, kwa ufupi, kesho nina kesi Uvinza.

Sheria yetu kuhusu utambuzi wa macho haina shida. Tangu shauri la Waziri Amani la 1980 Mahakama ya Rufani ilishasema: ushahidi wa kumwona mtu ni dhaifu, usimtie mtu hatiani mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Mahakama inatakiwa iulize shahidi alimtazama kwa muda gani, umbali gani, mwanga ulikuwa wa aina gani na ukali gani, kuna kitu kilimkinga, aliwahi kumwona mtu huyo kabla. Lipo na shauri la Marwa Wangiti la miaka ya 2000, linasema shahidi akimtaja mtu mapema, nafasi ya kwanza kabisa aliyoipata, hiyo ndiyo inampa uzito. Akichelewa, au asipotaja kabisa, mahakama ishtuke.

Ukisoma hapo juu, usiku wa giza, taa zimezimwa, tochi imeshikwa na jambazi, kovu halikutajwa siku ya kwanza. Hiyo kesi ilikuwa imeshakufa kabla haijazaliwa. Lakini unyang'anyi wa silaha hauna dhamana. Kosa lenyewe kima cha chini miaka 30. Kwa hiyo hata ukishinda, umeshatumikia. Huyu alikaa ndani 2014 mpaka 2018, na kisheria "alishinda".

Nahodha, umewahi kusoma hukumu ya rufaa?

Mvuvi wa Kibirizi

Sijawahi kuiona mkuu. Nilisikia tu pale mwaloni.

Wakili Njaa

Ingia TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama zetu. Ni bure. Tafuta Mahakama Kuu Tabora, mwaka 2018, majina ya mshtakiwa. Kama iliwekwa utaipata.

Ticha Kasulu

Naomba nitie neno la darasani. Mnaosema shahidi "alidanganya" mnakosea. Mwaka 1974 Loftus na Palmer, watafiti wa Marekani, waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi za ajali za magari, halafu wakawauliza mwendo. Swali lilikuwa lilelile, kitenzi tu ndicho kilibadilishwa: kwa wengine magari "yalibamizana", kwa wengine "yalipogongana", kwa wengine "yalipogusana". Walioambiwa yalibamizana walikadiria wastani wa maili karibu 41 kwa saa. Walioambiwa yaligusana, karibu 32. Kwenye jaribio jingine wakawaita tena baada ya wiki na kuwauliza, mliona vioo vimevunjika? Hakukuwa na kioo. Katika 50 walioambiwa "yalibamizana", 16 walisema waliona. Walioambiwa "yaligongana", 7 katika 50.

Hao 16 hawakuwa waongo. Ukiwapima wangekuapia.

"Tumempata mtu wako" ni kitenzi kama hicho, mzee wa Isevya amesema vizuri kunishinda.

Kata Kamba

Ticha sasa unataka tusiamini shahidi yeyote?

Ticha Kasulu

Nataka maelezo ya siku ya kwanza yapewe uzito kuliko machozi ya siku ya mahakama. Basi.

Binti Ujiji

Nimekaa kimya tangu juzi kwa sababu nilijua huyo kijana aliyefungwa ni nani.

Mleta mada, wewe umeandika vizuri sana kuhusu usingizi wako. Ngoja nikuandikie kuhusu mtaa wetu. Siku aliyokamatwa walikuja na mgambo, wakamwaga mawese ya mama yake wakitafuta injini ndani ya madumu. Injini. Ndani ya dumu la lita ishirini. Mama yake aliuza kiwanja Buzebazeba kumlipa wakili wa kwanza ambaye alifika mahakamani mara mbili. Rufaa ilipopangwa Tabora alipanda treni, kilomita karibu 400, begi moja na chungu cha dagaa wa kukaanga, akaambiwa jaji ana udhuru, imeahirishwa. Akarudi. Akaenda tena.

Dada yake alikuwa anaolewa. Mwaka huohuo upande wa mume wakaomba "wafikirie kwanza". Wanafikiria mpaka leo.

Na wewe ulikuwa unasema katoka kwa hela. Hela gani?

Mvuvi wa Kibirizi

Dada, sina la kujibu. Umesema kweli.

chuma_ulete

Sasa uzi umekuwa mzito. Naomba nifute lile la chai.

Mwana Lubengera

Wakuu turudi kwenye filamu kidogo, jana nimeipata nimeangalia mpaka saa saba. Ile sehemu ya mwisho! Kamera iliharibika, kwa hiyo Harris anasikika sauti tu, kwenye kinasa sauti kidogo kinachozunguka pale mezani. Anaulizwa kama Adams hana hatia, anajibu kwamba ana hakika hana, kwa sababu yeye ndiye anayejua. Hasemi "niliua". Anakaribia mpaka karibu kabisa, anaacha mlango wazi.

Halafu nimesoma mbele. Adams alitoka Machi 1989, baada ya miaka 12, mwaka mmoja tu tangu filamu itoke. Texas haikumlipa hata senti. Na akamshtaki Morris! Kisa haki ya simulizi ya maisha yake, alikuwa ameisaini kwa mtengenezaji. Wakaelewana nje ya mahakama, haki zikarudi kwake. Alifariki 2010 kwa uvimbe kwenye ubongo. Harris aliuawa na serikali 2004, kwa mauaji mengine aliyofanya 1985. Yaani wakati Adams yuko ndani kwa kosa la Harris, Harris akaua mwingine.

Wa Katonga

Hiyo ya mwisho ndiyo jibu langu la juzi. Aliyechukua injini zetu aliendelea kuchukua, maana kesi ilikuwa "imefungwa".

Kijiko cha Mawese

Mimi imenichosha kidogo ile kurudia rudia tukio, gari, risasi, kikombe cha maziwa kinaruka hewani, gari tena. Kama kibanda umiza CD imekwama.

Ticha Kasulu

Kijiko, ndiyo maana yake. Kila anaporudia, kuna kitu kimebadilika kidogo kufuatana na nani anasimulia. Anakuonyesha picha ya uongo kwa ustadi uleule wa picha ya kweli. Macho yako yenyewe yanashindwa.

Mzee wa Isevya

Mimi sijaiona, mjukuu ameahidi Jumapili. Lakini nauliza: yule askari aliyemwambia mama "siyo huyo, ni yule", anaonyeshwa?

Mwana Lubengera

Wapelelezi wako wawili watatu wanazungumza, mzee, wazee wastaarabu kabisa. Hakuna hata mmoja anayeonekana katili. Mmoja anatabasamu muda wote.

Mzee wa Isevya

Nimeelewa.

Mvuvi wa Kibirizi

Wakuu, mrejesho wa kwanza. Hukumu nimeipata TanzLII. Kurasa kumi na moja, Kiingereza kitupu. Mpwa wangu alinisomea huku akitafsiri, na mahali pengine nadhani alilainisha.

Humo mimi sina jina, naitwa shahidi wa kwanza. Jaji ameninukuu maelezo yangu ya asubuhi ile ya kwanza. Nilisema: mmoja alikuwa mrefu, mwembamba, sauti ya ukali. Basi. Hakuna kovu, hakuna nyusi. Jaji anasema hana sababu ya kuamini kwamba shahidi wa kwanza ni mwongo, ila shahidi mkweli naye hukosea. Halafu ukurasa wa mwisho, mrufani aachiwe mara moja labda kama anashikiliwa kwa jambo lingine halali.

Ilikuwa pale tangu 2018. Mtu yeyote mwenye bando angeisoma. Mimi nikachagua kusikiliza ya mwaloni. Na nimewaza, ingekuwa ya Kiswahili ingebandikwa pale ofisi ya kata, yule kijana asingehitaji kujieleza kwa mtu.

Wakili Njaa

Huwa nasema hivyo hivyo kwa wateja: umeachiwa kwa Kiingereza, umefungwa kwa Kiswahili. Siku ya kukamatwa mtaa mzima unaona, siku ya kuachiwa anaona askari magereza na mwenye basi.

Ticha Kasulu

Nahodha, sijui kama hii itakusaidia. Huko North Carolina, 1984, mwanamke mmoja alibakwa, akamtambua Ronald Cotton kwa picha, kisha kwa gwaride, kisha mahakamani mara mbili. Alikuwa amejilazimisha kuukariri uso wa mbakaji ili asikosee. 1995 vipimo vya vinasaba vikaonyesha ni mtu mwingine. Cotton alishakaa ndani zaidi ya miaka kumi. Yule mwanamke akaomba kuonana naye. Wakaonana, wakaja kuandika kitabu pamoja. Sisemi ufanye hivyo.

Binti Ujiji

Asifanye hivyo kwa ajili ya kuandika uzi.

Mvuvi wa Kibirizi

Dada, nakutumia PM. Ukikataa nitaelewa.

Kijiko cha Mawese

Wiki ya pili sasa. Mleta uzi uko hai?

Mwana Lubengera

Upepo wa kusini umekuwa mkali ziwani, labda yuko Kalya huko hana mtandao.

Mvuvi wa Kibirizi

Niko hai. Mrejesho wa pili.

Binti Ujiji aliongea na mama wa yule kijana kwanza. Mama akasema aje Alhamisi, aje peke yake, asije na zawadi. Nilikuwa nimeshanunua kilo tano za sukari, nikaziacha nyumbani.

Nilifika baada ya alasiri. Mama alikuwa anachuja mawese uani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nikakaa kwenye kigoda. Tukakaa hivyo labda dakika ishirini, naona tu mafuta yanashuka kwenye chujio. Halafu akasema, "Miguu yake ilivimba Tabora. Hilo ndilo ninalolikumbuka." Akaingia ndani, hakutoka tena.

Mwenyewe akaja magharibi. Anafanya kazi ya kupakia mizigo stesheni, haingii ziwani. Kovu lipo, ila wakuu, ni dogo. Nililikumbuka kubwa. Kwa tochi, usiku, kwa mtu anayekutana naye sekunde tatu, lisingeonekana hata kama angekuwa ndiye.

Nilikuwa nimepanga maneno. Nikasema, kaka, nilikosea. Sikukuona. Akaniuliza kitu kimoja: "Ulijua lini?" Nikamwambia mwezi huu. Akasema, "Mimi nilikuwa naamini ulijua siku zote. Nilikuwa nakesha natafuta nilikukosea nini." Hakupandisha sauti. Akaomba maji, akanywa, akanipa na mimi.

Sikuombwa hela. Alichoomba ni karatasi. Anasema kila akienda kuomba nafasi kwenye chombo, wenye vyombo wanasema huyu si yule wa kesi ya injini? Akiwaonyesha hukumu hawaisomi. Anataka mimi, nahodha niliyemwonyesha, niandike kwa Kiswahili kwamba siye, niweke sahihi, aibebe mfukoni. Na nyingine ibandikwe mwaloni Kibirizi, pale kwenye ubao wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, nilipokuwa nasema katoka kwa hela.

Wakili, hiyo karatasi inaandikwaje? Barua ya kawaida au kiapo?

Kata Kamba

Mkuu kuwa makini, usije ukashtakiwa wewe kwa kutoa ushahidi wa uongo. Kiapo ni kitanzi.

Wakili Njaa

Kata Kamba, ushahidi wa uongo ni kosa kama ulijua ni uongo wakati unausema, au hukuamini kuwa ni kweli. Huyu aliamini. Jaji mwenyewe ameandika hivyo.

Nahodha, iwe hati ya kiapo. Ukurasa mmoja unatosha. Jina lako, dini yako, umri, unakoishi. Kwamba ulikuwa shahidi wa kwanza katika kesi namba fulani. Kwamba usiku ule hukumwona mtu usoni. Kwamba ulimwona mshtakiwa kituoni kabla ya gwaride. Kwamba huna sababu ya kumhusisha na tukio. Usiongeze huruma, usiongeze Mungu, usieleze filamu. Unasaini mbele ya kamishna wa viapo. Njoo ofisini Lumumba nitakugongea mhuri bure, lete kitambulisho. Nakala tano.

Wa Katonga

Ya mwaloni Katonga nitaibandika mimi. Na nahodha, mwambie nina chombo, giza la mwezi ujao nimepungukiwa mtu wa nne. Aje anione, sio kwa huruma, yule aliyekuwepo ameenda Mpanda.

chuma_ulete

Wakuu samahani, hiyo filamu ina tafsiri ya Kiswahili au mpaka ujue kimombo?

Mwana Lubengera

Kimombo tu. Njoo PM nikutumie.

Mvuvi wa Kibirizi

Wakili, rasimu nimekutumia. Jina lake ametaka liandikwe yote matatu, kama lilivyosomwa siku ya hukumu. Nimelikosea mara mbili, la babu yake nilikuwa naandika kwa R, ni kwa L. Amenirekebisha kwa simu, herufi moja moja. Wa Katonga, nimempa namba yako.